UZI: Unakwenda Guangzhou kufuata mzigo? Simu itengeneze ukiwa bado nyumbani

#1 Mzee wa Kontena

Wakuu, habari za majukumu.

Kila Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, inapokaribia napokea swali lile lile: "Kaka, nikienda China niweke programu gani kwenye simu?" Nimejibu mtu mmoja mmoja mpaka nimeona bora nifungue uzi, kila mtu asome na wenye uzoefu waongeze. Nitazungumzia Guangzhou kwa sababu ndiko wengi wetu tunakofuata mzigo, na kwa sababu simu uliyoizoea Dar, Nairobi au Kampala inapoteza nusu ya kazi zake ukishatua kule.

Sababu ni hii. China bara imefunga Google na kila kilicho chini yake: Gmail, ramani, YouTube, hata Play Store. WhatsApp, Facebook na Instagram nazo hazifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa kule. Hong Kong na Macau hazijafungwa hivyo, lakini sisi tunashukia Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Sasa mtu anatua usiku, dereva wa teksi hajui Kiingereza, Play Store haifunguki apakue programu ya kutafsiri, na benki imemtumia namba ya uthibitisho kwenye laini aliyoiacha nyumbani. Huyo hata awe na dola mfuko mzima, usiku huo atahangaika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: kazi yote ya simu imalizike kabla hujapanda ndege, wiki mbili kabla kama unaweza. Na usijaze programu ishirini. Alipay ya kulipia, WeChat ya mawasiliano, ramani moja ya Kichina na kitafsiri kinachofanya kazi bila intaneti. Hizo nne zikikaa sawasawa umeshamaliza sehemu kubwa.

Tuanze na intaneti, maana bila hiyo hayo mengine yote hayapo. Njia ninayoipenda ni eSIM ya wasafiri, laini isiyo na kadi ya plastiki. Unainunua mtandaoni kwa kampuni kama Airalo au Holafly, unaiweka kwenye simu ukiwa nyumbani, ukitua unaiwasha. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi data yake inapitia mtandao wa nchi nyingine kabla ya kukufikia, kwa hiyo WhatsApp na Gmail vinafunguka kama kawaida. Roming ya laini yako ya nyumbani nayo iko hivyo hivyo, ila bei yake iulize mapema.

Kujua kama simu yako inakubali eSIM, piga *#06#. Ikikuletea namba ndefu iliyoandikwa EID juu au chini ya zile za IMEI, inakubali. Kwenye iPhone ni kuanzia XR na XS za mwaka 2018, ila iPhone zilizotengenezwa kwa soko la China bara nyingi hazina eSIM, zina matundu mawili ya laini za kawaida. Mtu aliyenunua simu yake Guangzhou safari iliyopita alijue hilo mapema. Simu nyingi za bei ya chini tunazotumia huku nazo hazina.

Laini ya China pia ina faida. China Mobile, China Unicom na China Telecom wanasajili kwa pasipoti, bando ni nafuu, na unapata namba ya Kichina ambayo dereva au mtu wa stoo anaweza kuipigia. Ila ukiwa na hiyo peke yake, WhatsApp hupati. Kuhusu VPN, zile programu za kupita vizuizi vya mtandao, sheria ya China inaruhusu zilizoidhinishwa na serikali tu, na zile za bure hukwama siku unayoihitaji. Mimi nategemea eSIM, sitegemei VPN.

Sasa Alipay, na hapa nitakaa kidogo.

Kule pesa inaishi kwenye simu. Muuza tambi wa kibarazani ana QR mbili zimebandikwa ukutani, ya bluu ni Alipay na ya kijani ni WeChat. Kwa sheria noti hawaruhusiwi kuzikataa, lakini ukimpa noti ya yuan 100 kwa chakula cha yuan 15, chenji ataitafuta kwa jirani. Tangu Julai 2023 Alipay na WeChat zote mbili zinapokea kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya China kwa kulipia karibu kila mahali. Unajisajili kwa namba yako ya +255 au +254, unapiga picha pasipoti, unaingiza kadi. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato ya Alipay. Yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Kwa chakula, metro na teksi huyahisi makato hayo, lakini ukilipia bidhaa za yuan 4,000 ni yuan 120 zimekwenda. Mwaka 2024 kiwango cha malipo kwa mara moja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000, na kwa mwaka kutoka dola 10,000 hadi dola 50,000.

Wengi hukwama kwenye kadi yenyewe. Kadi nyingi za benki zetu hutoka zikiwa zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje. Nenda benki, waambie wafungue, wakwambie na kikomo cha matumizi kwa siku. Halafu ijaribu ukiwa nyumbani: lipia kitu kidogo mtandaoni uone namba ya uthibitisho inakuja kwa meseji na malipo yanapita. Laini inayopokea meseji hizo lazima usafiri nayo, na roming ya meseji iwe imefunguliwa. Nimekaa na mfanyabiashara pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, kadi yake ina hela nzuri tu, lakini namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu ya mdogo wake Mwanza, na kule ni usiku wa manane mdogo mtu amelala. Tofauti ya saa ni tano, msisahau hilo.

Jingine: kadi ya nje inalipa biashara, kwa kawaida haikuruhusu kumtumia mtu binafsi pesa. Muuzaji akikupa QR yake binafsi inaweza kugoma. Mwombe ile ya biashara. Na malipo ya kiwandani, yale ya asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia, hayo ni ya benki kwa benki. Usiyapange kwenye Alipay.

WeChat ni ya mawasiliano. Wauzaji, wakala wa mizigo, mkalimani, wote wako humo. Tatizo lake ni kujisajili. Mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi askani QR yako kukuthibitisha, na akaunti mpya ikianza kuongeza watu wengi kwa siku moja inaweza kufungiwa. Ndiyo maana nasema ifungue mapema, iongeze watu wachache unaowafahamu, itumie kidogo kidogo. Ujumbe wa Kichina ukiingia, ukandamize kwa kidole kwa muda, utaletewa chaguo la kutafsiri.

Ramani: Google Maps hata ikifunguka isikudanganye. China inatumia mfumo wake wa kuonyesha mahali kwenye ramani, kwa hiyo unaweza kujiona umesimama mamia ya mita kutoka ulipo. Weka Amap, wenyewe wanaiita Gaode, siku hizi ina Kiingereza. Mwenye iPhone, ramani ya Apple inafanya kazi vizuri kule kwa sababu inachukua data za hao hao.

Kitafsiri: Google Translate pakua Kichina na Kiingereza viwe ndani ya simu, vitafanya kazi bila mtandao, pamoja na kamera ya kusoma maandishi. Pleco ni kamusi, haihitaji intaneti. Andika sentensi fupi: bei, idadi, rangi, siku ya kumaliza. Ukiandika aya nzima ya malalamiko, upande wa pili kinatoka kitu kingine kabisa. Na kikokotoo cha simu nacho kiweke karibu, maana sokoni bei inaandikwa kwenye kikokotoo, na wewe unajibu kwa kuandika yako.

Nimalizie na ile ninayoiona kama silaha ya mfanyabiashara: 1688. Ni soko la jumla la mtandaoni la ndani ya China, la kampuni ya Alibaba, karibu lote kwa Kichina. Lakini lina alama ya kamera. Uko soko la mikoba Sanyuanli, umeshika mkoba, muuzaji kaandika 85. Mwombe ruhusa, upige picha, uitafute kwa picha hiyo. Utaletewa mikoba inayofanana na bei za viwanda tofauti. Soma na kiwango cha chini cha kununua, maana bei ya 38 inaweza kuwa ya mikoba 500, na ngozi inaweza isiwe ile. Mimi naitumia kujua sakafu ya bei iko wapi kabla ya kuanza kuongea, siitumii kumwonyesha muuzaji tugombane.

Karibuni mwenye kuongeza.

#2 Dada wa Xiaobei

Asante kaka kwa uzi. Mimi naishi huku Guangzhou, naongeza mambo ya mtaani.

Teksi: Didi, programu ya kuita gari, ipo ndani ya Alipay, huna haja ya kupakua nyingine, na ina Kiingereza. Ukiita gari angalia namba ya gari, za Guangzhou zinaanza na 粤A, na yenye kibao cha kijani ni ya umeme au ya mseto wa kuchaji. Ukipanda, dereva atakuuliza tarakimu nne za mwisho za namba ya simu uliyosajilia. Wageni wengi wanabaki wanamkodolea macho. Mwonyeshe tarakimu hizo kwenye kioo cha simu, safari inaanza. Na kituo cha kusubiri kikague, maana majengo huku yana mageti mengi na dereva hatazunguka kukutafuta.

Metro: ndani ya Alipay fungua sehemu ya usafiri, chagua Guangzhou, utapata QR ya kuskani getini kuingia na kutoka. Nauli inaanzia yuan 2. Xiaobei iko laini namba 5, uwanja wa ndege unafikiwa kwa laini namba 3.

Anwani ya hoteli iwe kwa herufi za Kichina, piga skrinshoti ikae kwenye picha zako. Jina la hoteli kwa Kiingereza dereva halijui.

Na jambo la kisheria ambalo simu haitakukumbusha: hoteli inakusajili polisi yenyewe, lakini ukifikia kwa ndugu au rafiki, mnatakiwa kwenda kujisajili kituo cha polisi ndani ya saa 24. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Zihifadhi.

Naomba niseme hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona likiwaumiza watu. Kuna wanaokaa pembeni ya barabara wanaokwambia uwape dola taslimu wao wakuingizie yuan kwenye WeChat au Alipay kwa bei nzuri. Kwanza huo ubadilishaji ni kinyume cha sheria ya hapa. Pili, yuan inayoingia kwako inaweza kuwa imetoka kwa mtu aliyetapeliwa mkoa mwingine. Polisi wakifuatilia mkondo wa pesa, akaunti yako inafungiwa, na wewe ndege yako ni keshokutwa. Badilisheni benki. ATM za Bank of China na ICBC zinapokea Visa na Mastercard.

#3 Kijana wa Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Niko na kadi ya GlobalPay ya M-Pesa, ile Visa ya mtandaoni Safaricom walileta 2022. Naona inaniokoa na mambo ya kwenda benki. Kuna haja ya kubeba kadi nyingine? Na nikishuka Guangzhou nataka kupitia Shenzhen pale Huaqiangbei kwa vipuri vya simu, halafu Yiwu. Tiketi za treni nazipataje?

#4 Mzee wa Kontena

Ndugu yangu wa Gikomba, beba kadi nyingine, tena ya plastiki. Kadi ya mtandaoni huwezi kuichomeka ATM, na malipo yakigoma unataka mlango wa pili. Kama una Visa na Mastercard za benki mbili tofauti, hapo umekaa vizuri zaidi. Ziingize zote kwenye Alipay, na moja iweke pia kwenye WeChat. Ukibeba dola taslimu, zikizidi 5,000 unatakiwa kuzitamka forodha ya China unapoingia. Yuan zenyewe mwisho ni 20,000.

Treni: programu rasmi ya shirika la reli inaitwa 12306, ina Kiingereza na inakubali pasipoti. Jisajili mapema kwa sababu uthibitisho wa pasipoti unaweza kuchukua muda. Ukiona inakusumbua tumia Trip.com, inaweza kukutoza kidogo juu ya nauli lakini inapokea kadi za kwetu na ina huduma kwa wateja ya Kiingereza. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla. Hakuna karatasi: tiketi imefungwa kwenye namba ya pasipoti, unapita geti lenye mtumishi au lenye kisoma pasipoti. Kwa hiyo pasipoti iwe mfukoni, usiiache kwenye begi kubwa. Guangzhou South mpaka Shenzhen North ni kama nusu saa na ushei. Yiwu ni mbali, safari ya saa nyingi kwa treni, linganisha na ndege kabla hujaamua.

#5 Mama Vitenge

Wanangu, nimesoma yote na nashukuru. Mimi nauza vitenge na mapazia Kariakoo, nataka kwenda awamu ya tatu ya Canton Fair ya Oktoba kuangalia vitambaa. Simu yangu ni ya kawaida, nimepiga hiyo *#06# haikuleta EID. Macho nayo siku hizi maandishi madogo siyaoni vizuri. Nifanyeje? Na betri yake haifiki jioni.

#6 Dada wa Xiaobei

Shikamoo mama. Karibu sana Guangzhou, na awamu umeichagua vizuri, vitambaa na nguo viko awamu ya tatu, kwa kawaida tarehe 31 Oktoba hadi 4 Novemba.

Betri isikutie wasiwasi. Maduka na migahawa mingi ina kabati la pawabenki za kukodi. Unaskani kwa Alipay, moja inachomoka, ukimaliza unairudisha kwenye kabati lolote la kampuni hiyo hiyo, hata mtaa mwingine. Ukileta ya kwako ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi la chini la ndege, na isizidi Wh 100, yaani kama mAh 27,000 hivi. Kama utapanda ndege za ndani ya China, tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki lazima iwe na alama ya 3C, alama ya usalama ya China, isiyo nayo inabaki uwanjani.

Kwa macho, ongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya simu, na ndani ya WeChat kwenyewe kuna sehemu ya kuongeza pia. Kwenye kitafsiri tumia alama ya kipaza sauti, unaongea tu na simu inamsomea mwenzako.

#7 Mzee wa Kontena

Shikamoo mama. Dada kamaliza mengi, nijibu la laini.

Simu yako ina matundu mawili ya laini? Kama ndiyo, ya kwanza weka laini ya China utakayonunua uwanja wa ndege kwa pasipoti, ya pili ibaki ya Dar. Hiyo ya Dar zima data yake ya roming ili bando lisiliwe, acha meseji tu ziingie, ndizo zitakazoleta namba za uthibitisho za benki. Kabla ya kuondoka waulize mtandao wako kama roming imefunguliwa, usingoje kufika.

Kwa laini ya China WhatsApp haitafunguka, kwa hiyo nyumbani waongee nawe kwa WeChat. Mmoja wa watoto aifungue sasa hivi kwenye simu yake na kwenye yako, mjaribu kupigiana mkiwa wote hapo Kariakoo. Akaunti yake ikishakaa muda wa kutosha, ndiye atakayeweza kuwathibitisha wengine.

Vitambaa vina uzito, kwa hiyo mwombe kila muuzaji akutumie kwenye WeChat picha ya katoni au robota pamoja na vipimo vyake na kilo zake. Zidisha mwenyewe: katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni mita za ujazo 0.12, katoni mia ni 12. Wakala akikutajia ujazo mwingine utajua wapi pa kuuliza. Na kila mazungumzo ya bei yamalizike kwa maandishi humo humo, hata kama mmeongea kwa mdomo dukani: rangi, upana wa kitambaa, uzito wa gramu kwa mita ya mraba, idadi, bei, tarehe. Piga na picha ya kipande cha sampuli kikiwa pembeni ya kadi ya duka lile, maana ukishazunguka maduka mengi kwa siku moja vipande vyote vinafanana.

Mwisho, mama, andika kwenye karatasi jina na anwani ya hoteli kwa Kichina, namba ya Dada au mwenyeji wako yeyote, na weka yuan mia tatu hivi za noti pamoja na karatasi hiyo, mbali na simu. Simu ikipotea au ikizima, teksi na chakula cha siku hiyo unavyo.

#8 Mama Vitenge

Ina matundu mawili. Kesho naenda benki kuhusu kadi, na mwanangu mdogo anafungua hiyo WeChat leo jioni. Nikikwama kwenye kusajili pasipoti nitarudi hapa hapa kuuliza.

#9 Mzee wa Kontena

Rudi mama. Pasipoti ipige picha mchana, juu ya meza, karibu na dirisha, taa ya simu ikiwa imezimwa. Mwanga wa taa ukigonga ile plastiki ya ukurasa wa picha, programu inaikataa.